Chungu chenye matundu nilichokiona makumbusho: kilikuwa cha kazi gani?

Fundi_Pikipiki
Wazima humu? Nina swali dogo lakini leo siku ya tatu linaninyima usingizi. Jumapili nilipeleka watoto kwenye kamakumbusho fulani kadogo huku magharibi mwa Uganda, jina nalihifadhi maana yule mlinzi alitupokea vizuri sitaki kumharibia kazi. Ni chumba kimoja na baraza, vitu vimejaa mpaka chini ya meza: vibuyu, vinu, mawe ya kusagia, pasi za mkaa, redio ya mbao, tadooba (vibatari) za kila aina. Watoto walicheka sana kusikia kwamba mwanga wa tadooba ndio baba yao alisomea mtihani wa la saba.
Sasa pale kona kuna chungu cha udongo, ukubwa kama kichwa cha mtu mzima, kina matundu. Sio kimetoboka kwa uzee, hapana, matundu yametobolewa makusudi wakati udongo bado mbichi, kidole kidogo kinapita, na yamepangwa mistari. Kwenye lebo wameandika CHUNGU. Basi. Mtoto wangu wa miaka tisa akauliza kwa sauti "taata, chungu kinachovuja kinapika nini?" watu wakageuka wote kuniangalia. Mlinzi naye akasema ni "cha zamani". Nilihesabu matundu 14. Picha ipo ila simu inagoma kupandisha. Wazee, kilikuwa cha kazi gani?

Busia_Kwa_Mpaka
Hicho kilikuwa cha mwanaume mlevi. Mke alikitoboa usiku ili asubuhi pombe isiwepo. Swali lingine?

Mchunga_wa_Kashari
Hahaha Busia wewe. Fundi, kama ni huku kwetu magharibi usisumbuke, hicho ni cha kufukizia vyombo vya maziwa. Mnyankole wa zamani hakuwa anaosha ekyanzi na maji tu halafu anakamulia. Ekyanzi ni kile chombo cha mbao cha maziwa, kimechongwa kutoka kipande kimoja cha mti, kina kifuniko kirefu cha kusukwa kama kofia. Ukishakiosha unachukua nyasi zinaitwa emburara, unaziwasha ndani ya kijungu cha udongo, zinatoa moshi bila kuwaka sana, unafunika mdomo wa ekyanzi juu ya ule moshi mpaka unakolea ndani. Moshi unaua wadudu na maziwa yanakaa bila kuharibika haraka, alafu yanapata ile ladha ambayo ya kwenye pakiti hayatapata mpaka mwisho wa dunia. Mukaaka (bibi) wangu alikuwa akinusa tu anajua nani kafukiza vibaya. Nenda makumbusho ya Igongo pale Biharwe, barabara ya kutoka Mbarara kwenda Masaka, vyombo vya maziwa utavikuta vimepangwa vizuri.

Mama_Sigiri
Mchunga, asante kwa maelezo ila kuna kitu sijaelewa. Kama unataka moshi uingie kwenye ekyanzi, moshi si lazima utoke juu mdomoni tu? Sasa ukitoboa pembeni pote si moshi unakimbilia nje unakuumiza macho bure. Mimi napika na sigiri kila siku najua tabia ya moshi.

Mchunga_wa_Kashari
Mama Sigiri, sigiri yako yenyewe ina matundu au haina? Moto unahitaji hewa.

Mama_Sigiri
Sigiri yangu ina mlango mmoja chini na matundu ya kupitisha majivu. Haina matundu kumi na nne ubavuni. Moto ukipata hewa yote hiyo nyasi zinawaka mwali, hazitoi moshi. Umesema mwenyewe zinatakiwa kutoa moshi bila kuwaka.

Busia_Kwa_Mpaka
Mchunga kapigwa na mwanamke wa jikoni. 1–0.

Binti_wa_Bombo
Salaam. Nyie mnazungumzia maziwa, mimi nilivyosoma tu "matundu" nikamuona haboba wangu, yaani bibi. Sisi Wanubi moshi ni maisha. Kuna chetezo cha ubani na udi cha kufukiza nyumba na nguo, na kuna dukhan, bibi harusi anakaa juu ya moshi wa mti maalum akiwa amefunikwa blanketi au shuka nzito, siku kadhaa, mpaka ngozi inang'aa na harufu haitoki wiki nzima. Chetezo cha haboba kilikuwa cha udongo na kilikuwa na matundu pembeni, hilo nimeona kwa macho yangu, maana ukiweka kaa la moto na ubani juu unataka harufu isambae kila upande, ndio Mama Sigiri, hapo matundu ya ubavuni yana maana.
Ila chake kilikuwa kidogo, saizi ya bakuli, na kina mguu wa kusimamia. Kichwa cha mtu mzima ni kikubwa mno. Sijui huko magharibi kama walifukiza ng'ombe mzima.
Na nikiongea makumbusho roho inaniuma, zile tabaga za haboba, mifuniko ya chakula ya kusukwa rangi rangi, tulizitupa alipofariki. Juzi nimeiona moja imetundikwa ukutani kwenye hoteli ya watalii, wanasema ni sanaa. Ilikuwa ya kuzuia nzi.

Mwalimu_Mstaafu_Hoima
Habari zenu. Nimesoma mchango wa kila mmoja na naona mnazunguka moshi tu wakati jibu linaweza kuwa maji. Fundi, ulitazama chini ya hicho chungu? Kama kitako nacho kimetobolewa, basi mimi nasema ni chungu cha kuchujia chumvi.
Hapa Bunyoro tuna Kibiro, kijiji kilicho chini ya ukingo wa bonde la ufa kando ya Ziwa Albert, penye chemchemi za maji moto. Ardhi yake hailimiki, lakini ina chumvi. Wanawake wa pale ndio wenye vile viwanja vya chumvi, mama humrithisha binti. Wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi, jua linavuta ule unyevu kwenda juu, udongo unaunyonya. Wanaukwangua, wanautia kwenye chungu chenye matundu kitakoni, wanamwaga maji juu, yanapenya taratibu na kudondoka kwenye chombo cha chini yakiwa yamebeba chumvi. Kisha wanachemsha mpaka maji yaishe, inabaki chumvi nyeupe. Na ule udongo hautupwi, unarudishwa uwanjani kutandazwa tena. Mwanaakiolojia Graham Connah alichimba pale mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea, akakuta marundo ya vigae kwa vigae. Kazi hiyo imefanyika Kibiro zaidi ya miaka 700. Chumvi ile ilibadilishwa kwa chakula na ikasafiri mbali sana, kwa hiyo chungu kukutwa kwingine magharibi hakunishangazi.

Dereva_wa_Trela
Mwalimu yupo sahihi, hata Katwe kule Kasese wanafanya hivyo hivyo nimebeba sana chumvi yao.

Mwalimu_Mstaafu_Hoima
Hapana Dereva, Katwe ni habari nyingine. Katwe ni ziwa lenyewe la chumvi, wamegawa vidimbwi kando kando, maji yanakauka kwa jua na chumvi inagandia, na nyingine wanaivunja kutoka chini ya ziwa kama mawe. Hawachuji udongo kwenye chungu. Wewe ulibeba magunia, hukuuliza.

Dereva_wa_Trela
Sawa mwalimu nimekaa chini.

Alum_wa_Lira
Mimi nasikitika hamna mtu wa kaskazini aliyeamka mapema. Chumvi ndio, lakini si ya Kibiro. Ni ya majivu! Kila nyumba Lango na Acholi ilikuwa nacho, hakuna haja ya kusafirisha chungu kutoka Ziwa Albert jamani.
Hivi ndivyo bibi alifanya. Unachoma maganda ya maharage au mabua, ile mimea anayoijua yeye, si kuni zozote tu. Majivu unayatia kwenye chungu kilichotobolewa, chini ya matundu kwa ndani unaweka nyasi kidogo ili majivu yasipite, unakiegesha juu ya chungu kingine kizima. Unamwaga maji polepole. Yanatoka rangi ya chai ya rangi, ukilamba ulimi unawasha. Hayo ndio kado atwona. Unapikia boo (majani ya kunde), unapikia mboga ngumu zote zinalainika na zinabaki kijani. Chumvi ya duka ilipokuwa haipatikani, miaka ile mnayoijua wenyewe ya magendo na foleni, watu walirudi kwenye majivu, mama yangu ananiambia walikula vizuri tu.
Mimi mwenyewe niliangusha kimoja nikiwa na miaka saba, nilichapwa na bibi ambaye hakuwahi kuchapa mtu. Kwa hiyo hicho chombo nakijua kwa mgongo.

Ejoka_Teso
Alum amenena. Kwetu tunaita abalang. Kunde bila abalang ni adhabu. Lakini wengi siku hizi wanatumia kopo la mafuta ya kupikia limetobolewa na msumari, kazi ni ile ile. Ndio maana vijana hawajui chungu. Miaka 50 ijayo hilo kopo nalo litawekwa kwenye kabati la kioo wataandika KOPO.

Busia_Kwa_Mpaka
Ejoka wewe nilidhani utasema ni chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi, matundu ni ya mirija. Watu 14, kila mtu na tundu lake, hakuna kugombana.

Ejoka_Teso
Nimecheka mpaka nimemwaga chai. Malwa mirija yote inaingia mdomo mmoja ndugu yangu, na maji ya moto yanaongezwa juu. Ukitoboa pembeni mnaoga.

Fundi_Pikipiki
Wakuu asanteni. Nimeangalia picha tena nikiwa nimeikuza. Mwalimu, ndio, chini pia kuna tundu, moja tu na ni kubwa kuliko ya pembeni. Ndani kuna weusi upande mmoja. Na nimehesabu upya, matundu ya pembeni ni 17 sio 14, mengine yalikuwa kivulini.

Mama_Sigiri
Kwanza 14, sasa 17. Fundi usije ukarudi kesho ukasema ni neti ya kuvulia samaki.

Mchunga_wa_Kashari
WEUSI NDANI. Nani alisema moshi hauhusiki? Majivu ya Alum hayawezi kuacha weusi wa moto.

Alum_wa_Lira
Mchunga majivu yenyewe yana vipande vya mkaa ndani. Na chungu kinachomwa baada ya kufinyangwa, mara nyingi kinabaki na baka jeusi pale kuni zilipokigusa. Weusi upande mmoja ni baka la kuchomea, sio la matumizi. Muulize mfinyanzi yeyote.

Kijana_wa_Wandegeya
Lakini kwa nini msiende makumbusho kubwa ya taifa pale Kamwokya, Kampala, mkauliza wataalamu? Ipo tangu 1954, lazima wana chungu kama hicho na maelezo yake.

Mwalimu_Mstaafu_Hoima
Kijana, 1954 ni jengo. Makumbusho yenyewe yalianzishwa 1908 kule Old Kampala, kwenye ngome ya Lugard, yule kapteni Mwingereza, baadaye miaka ya 1940 yakahamia Makerere chini ya Margaret Trowell yule aliyeanzisha shule ya sanaa, ndipo 1954 yakafika kilima cha Kitante, hapo hapo Kamwokya, kwenye jengo alilolichora Mjerumani Ernst May. Nilipeleka wanafunzi pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kijana_wa_Wandegeya
Asante mwalimu. Kumbe nchi yenyewe ni ndogo kwa umri kuliko makumbusho yake.

Jajja_Nnaalongo
Mmenikumbusha mbali wanangu. Zamani sisi Baganda tuliyaita Enyumba ya Mayembe. Mayembe ni yale mapembe na vitu vya waganga, na watu waliamini humo ndani vimekusanywa vyote pamoja na mizimu yake. Baba yangu mzazi alikuwa katekista, tulipita pale kwa miguu akavuka barabara, akapita upande wa pili kabisa. Mimi niliingia kwa mara ya kwanza nikiwa na wajukuu, nikakuta vinu na visu na ngoma. Nikasema banange, hiki si kinu cha mama?
Kuhusu chungu, mnasahau moto. Zamani kiberiti hakikuwepo au kilikuwa ghali, moto ukizima unamtuma mtoto kwa jirani. Kaa linabebwa kwenye kigae, sisi tunasema oluggyo. Sasa ukienda mbali au kuna upepo, kigae hakitoshi, cheche zinaruka kwenye nyasi za paa. Kuna watu walikuwa na chungu chenye vitundu, kaa linapumua ndani lakini cheche hazitoki. Huo weusi upande mmoja mimi nauelewa, kaa lilikuwa linaegemea huko mtoto anapotembea.

Mama_Sigiri
Jajja hiyo nimeipenda. Lakini lile tundu kubwa la chini? Si kaa linamdondokea mtoto mguuni?

Jajja_Nnaalongo
Mama, unaweka kigae ndani kwanza. Wewe ni mpinzani, ulizaliwa Ijumaa nini?

Lokiru_Moroto
Habari za kazi. Mimi kuhusu chungu sina, nataka kuongezea kwenye hizo lebo. Kuna mahali nimeona ekicholong imeandikwa KITI. Ekicholong ya Mkaramojong ni kiti mchana na mto usiku, na mwanaume anatembea nayo kila mahali, imefungwa kamba ya ngozi. Zamani wazee walikuwa na nywele zimejengwa kwa udongo na rangi, sasa ulale vipi kichwa kikiwa chini kwenye vumbi? Unaweka shingo kwenye ekicholong kichwa kinaelea. Ukiandika KITI umeandika nusu ya mtu. Babu yangu alikuwa hakubali mtu mwingine akalie yake, hata mimi.

Binti_wa_Bombo
"Umeandika nusu ya mtu", Lokiru hii naiiba.

Mpiga_Lubugo_Masaka
Lokiru hujaona kitu. Mimi nimekuta nyundo ya kupigia lubugo (kitambaa cha gome la mti) imeandikwa MCHI, imelazwa ndani ya kinu, kabisa kama imeolewa. Nikamwambia mhusika, mzee hii ina mifereji pembeni, utatwanga nini na mifereji? Nyundo ni tatu, ya kwanza mifereji mipana, inayofuata ya wastani, ya mwisho myembamba kabisa, gome linaanza nene kama mkate linaishia laini kama shuka. Mti ni mutuba sio kila mtini, watu wanachanganya. Na mti haufi, unaufunga majani ya mgomba unaota gome jipya. UNESCO walitutambua 2005 lakini kwenye kile kijumba nyundo bado inatwanga karanga.
Nyumbani kwetu lubugo ilikuwa blanketi, pazia la chumba cha wazee na sanda. Kitu kimoja kazi zote. Labda na hicho chungu ni hivyo, mbona mnataka kazi moja?

Okot_Kitgum
Mpiga Lubugo umenigusa. Ntawapa la nyongeza kabisa. Kwa babu yangu kibanda cha nyasi kilikuwa na chungu kileleni, pale nyasi zote zinapokutana na mvua inapenda kupenyea. Kinachukuliwa chungu kisichofaa tena jikoni, kinatobolewa kitako, ule mti wa katikati unapita kwenye tundu, kinakaa pale kama kofia. TUNDU MOJA KUBWA CHINI. Wote mmelikimbia hilo tundu tangu Fundi alitaje.

Alum_wa_Lira
Okot na yale 17 ya pembeni ni ya nini, ndege waweke viota?

Okot_Kitgum
Nimesema kisichofaa tena jikoni. Kwanza kilikuwa kichujio chako cha majivu, kikazeeka, kikapanda juu ya nyumba. Nakupa ushindi nusu chukua.

Mchunga_wa_Kashari
Au kwanza kilikuwa cha kufukizia maziwa kikapanda juu.

Busia_Kwa_Mpaka
Njia ni moja tu. Fundi arudi akilambe ndani. Akisikia chumvi ni Mwalimu na Alum. Akisikia moshi ni Mchunga. Akisikia ubani ni Binti. Akipigwa na mlinzi ni mimi nilimtuma.

Mama_Sigiri
Na akisikia pombe ni wewe mwenyewe ulikitoboa.

Binti_wa_Bombo
Ila kweli, kwa nini hivi vitu vinafika bila maelezo? Nani alikileta, kutoka nyumba gani, mwaka gani. Wangeuliza swali moja tu siku ya kukipokea, sisi tusingekuwa hapa siku ya nne.

Mchunga_wa_Kashari
Binti mimi nitakuwa mkweli. Mukaaka alipofariki nilikuwa nimemaliza shule sina hata nauli. Kulikuwa na ebyanzi vinne, vimekolea moshi wa miaka mpaka vimekuwa vyeusi ndani na nje. Akaja mtu na gari dogo ananunua "vitu vya kienyeji" akatoa hela ambayo sasa hainunui hata soda mbili. Nikauza vyote na vifuniko vyake. Sikuuliza anapeleka wapi naye hakuuliza vilitoka kwa nani. Sasa kila nikiingia makumbusho naangalia vile vyombo vya maziwa vizuri. Kimoja kilikuwa na ufa umeshonwa na waya wa shaba karibu na mdomo, marehemu alikishona mwenyewe. Sijakiona bado.

Jajja_Nnaalongo
Pole mwanangu. Mimi nilitoa mawe ya kusagia yakajengewa msingi wa choo.

Dereva_wa_Trela
Mchunga pole. Waya wa shaba nimeshika, nikiona njiani ntakwambia, mimi nalala kila mji.

Fundi_Pikipiki
Wakuu leo nimempigia yule mlinzi, alinipa namba. Amemuuliza mwenye makumbusho. Sikieni: chungu kililetwa na familia moja walipobomoa nyumba ya zamani kujenga ya matofali. Kilikuwa cha bibi wa hiyo nyumba, na huyo bibi aliolewa kutoka mbali, si mtu wa hapo. Alikuja nacho kwenye mizigo ya harusi au alikifinyanga akiwa tayari hapo, hawajui. Wajukuu wanakumbuka kilikuwa kinakaa nje nyuma ya jiko na mwishoni vifaranga vilikuwa vinalala humo usiku.

Mwalimu_Mstaafu_Hoima
Aliolewa kutoka mbali upande gani? Kama ni Bunyoro, shauri limekwisha. Mwanamke wa Kibiro ufundi wake anaondoka nao.

Alum_wa_Lira
Mwalimu, chumvi ya Kibiro inahitaji udongo wa Kibiro. Ukiolewa Ankole utachuja nini? Lakini majivu yapo kila mahali duniani. Na kilikaa NYUMA YA JIKO. Majivu yanamwagwa wapi?

Mchunga_wa_Kashari
Na maziwa yanafukiziwa wapi? Sebuleni?

Mwalimu_Mstaafu_Hoima
Alum, hoja ya udongo naikubali, umenibana. Lakini mwanamke aliyezoea kuchuja atachuja chochote atakachokikuta. Na kitako cha chungu cha kuchujia majivu kina matundu mengi madogo au tundu moja?

Alum_wa_Lira
Cha bibi kilikuwa na mengi chini. Pembeni hakuna. Ndio maana nimenyamaza kidogo.

Ejoka_Teso
Cha mama yangu tundu moja chini, linazibwa na nyasi. Pembeni hakuna pia. Hapo pembeni ndipo pananishinda.

Mpiga_Lubugo_Masaka
Vifaranga vinahitaji hewa. Nasema tu.

Busia_Kwa_Mpaka
Siku tano, watu 14 au 17, na jibu ni nyumba ya kuku.

Okot_Kitgum
Bado nasimamia paa.

Kijana_wa_Wandegeya
Samahani kutoka nje ya mada, kuna mtu ana pasi ya mkaa nzima, yenye jogoo pale kwenye kifungio? Nataka niiweke sebuleni. Inbox.

Mama_Sigiri
Ninayo lakini naitumia. Umeme ukikatika utakuja kuniazima.

Fundi_Pikipiki
Nimepita leo nikitoka kwenye msiba huko huko, nikaingia dakika tano. Wamekihamisha kutoka kona wakakiweka karibu na mawe ya kusagia, na mlinzi kasema wametengeneza lebo mpya baada ya kunisikia nikisumbua. Imeandikwa kwa mkono, kalamu nyekundu: CHUNGU CHENYE MATUNDU.

Mama_Sigiri
Mangapi?

Fundi_Pikipiki
Hawakuandika. Na mimi sikuhesabu.